Jiwe la Isoe

Isoe wa Ngazini amekufa miaka minne sasa, na bado simpendi. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani namlilia. Hapa Ushibana mtu akishazikwa hupambwa maneno: aliyekuwa bahili huitwa mwangalifu, aliyekuwa mkorofi huitwa mnyoofu. Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka hamsini na miwili. Alikuwa mkali, alikuwa na kiburi, na alikuwa mjanja kuliko sisi wote tukichanganywa.

Tuliolewa kijijini hapa mwaka mmoja, yeye mwezi wa nne, mimi wa kumi. Katika msiba wa kwanza tuliopika pamoja aliionja supu yangu mbele ya wanawake kumi na wawili, akashusha kijiko taratibu, akasema, "Matsuno, haya maji ya kuoshea vyombo umeyatilia chumvi ya nini?" Wakacheka mpaka mama mkwe wangu akalazimika kutoka nje. Sijawahi kuinjika sufuria ya supu tangu siku ile bila kukisikia kicheko hicho.

Mumewe alipofariki, aliigeuza nyumba kuwa ya wageni. Vyumba vinne, choo kimoja, birika la kuogea la mbao, na mapazia aliyoyashona mwenyewe. Wageni walikuja kwa sababu ya kijitabu. Mwenyekiti wetu Yasuoki alirudi kutoka mjini alikofanya kazi ya ofisi miaka thelathini, akaona kijiji kinakufa, akachapisha kijitabu chenye picha ya bahari na maneno matatu makubwa: Asili, Chakula, Utamaduni. Mimi nilimwambia watu hawawezi kusafiri saa saba kuja kuangalia wazee wakikuna figili. Wakasafiri.

Isoe hakuwabembeleza. Kuna bwana mmoja kutoka mji wa Kobe alisimama mlangoni pake na kijitabu mkononi, amevaa koti jipya la mvua, akauliza aanze na kipi. Isoe akamjibu, "Asili ndiyo huo upepo unaokupiga. Chakula saa kumi na mbili. Utamaduni ni kuvua viatu. Vua." Yule bwana alirudi mara tatu. Wageni sijui wana nini, ukiwatukana wanaona ndio wamefika.

Sasa nieleze kuhusu mawe, maana bila mawe hakuna hadithi.

Ushibana tunaishi kwa mwani mweusi unaoota juu ya miamba wakati wa baridi. Tunaukwangua kwa mkono na kipande cha bati, tunaukausha kwenye mikeka ya mianzi, na hakuna nyumba pwani hii inayokula supu ya Mwaka Mpya bila huo. Kila nyumba ina jiwe lake tangu enzi za mababu. Jiwe la nyumba ya Ngazini ndilo la katikati: bapa, pana, limekingwa na upepo wa kaskazini, hata mtoto angeweza kuchuma juu yake. Jiwe letu liko pembeni yake, linaitwa Pua. Linakula mawimbi mchana kutwa, na mwani wake ni mfupi na wenye mchanga. Marehemu mume wangu alivunjika mbavu pale mara mbili.

Sheria za mawe ni mbili, na zimeandikwa kwenye ubao ukumbini, chini yake vibao vidogo vya mbao vyenye majina ya watu wa kila nyumba. Ya kwanza: tangu mwezi wa kumi na mbili, hakuna mguu kugusa jiwe hadi mwenyekiti apandishe bendera nyeupe. Mtu wa nyumba akikanyaga kabla, mwani wote wa nyumba hiyo baridi ile ni wa kijiji. Ya pili: bendera ikipanda, lazima mtu mmoja wa nyumba awe amesimama juu ya jiwe lake kwa miguu yake. Nyumba ikikosa baridi mbili mfululizo, jiwe linakwenda kwa jirani.

Jirani wa Jiwe la Kati ni mimi.

Mnaelewa basi nilivyojisikia Isoe alipopasuliwa goti. Baridi ya kwanza alikuwa hospitalini na jiwe lake lilikaa tupu. Baridi ya pili ilipokaribia, alikuwa anatembea kwa fimbo, na ngazi za kushuka baharini ni sabini na moja, zote zina utelezi. Mwanawe yuko mbali, mjini Nagoya. Nilimsikia Isoe akimpigia simu, kuta zetu ni nyembamba. Alisema, "Siku moja tu. Asubuhi moja." Halafu akasikiliza, halafu akasema, "Haya, fanya kazi yako," akakata.

Kesho yake tulikutana kwenye gari la mboga.

"Bibi Isoe," nikamwambia, "goti linasemaje?"

"Linakusalimia."

"Ngazi zile si mchezo mwaka huu. Barafu tupu."

"Matsuno, kama unataka kuniuliza nitakufa lini, uliza. Usizungukezunguke na barafu."

"Mimi? Nakutakia afya tu."

"Nitakie. Halafu ukachunge Pua lako lisije likapiga chafya likakutupa."

Mwenye gari la mboga akajifanya anahesabu vitunguu. Mimi nilirudi nyumbani nikaanza kusuka mikeka ya ziada ya kukaushia, ishirini, kwa ajili ya mwani wa Jiwe la Kati. Naam, nilisuka. Sioni haya.

Siku mbili kabla ya bendera, basi la saa tisa lilimshusha mwanamke mmoja wa miaka arobaini hivi, ana begi la mgongoni na kamera shingoni. Jina lake Honami, kutoka Osaka, anafanya kazi kwenye kampuni ya kuuza vigae vya bafuni. Jioni ile nilipeleka kwa Isoe ubao wa matangazo unaozunguka nyumba hadi nyumba. Siku ya bendera ilikuwa imeandikwa hapo, keshokutwa asubuhi. Sikuwa na haraka ya kuondoka. Nilikaa pale kwenye kizingiti nikawasikiliza.

Isoe alimwekea sinia: samaki wa kuchoma, figili, wali, na kichwa cha samaki kilichochemshwa na sosi ya soya, macho yakitazama juu. Wageni wengi hukifunika kichwa hicho kwa jani.

"Mmekuja kututazama," Isoe akamwambia. "Kama nyani wa bustanini."

"Nyani niliwaona mwaka jana, Mama," Honami akajibu huku akinyonya jicho la samaki. "Walinikaribisha vizuri zaidi."

Isoe akamkodolea macho. "Una mume?"

"Nilikuwa naye."

"Watoto?"

"Hapana. Na wewe, unawauliza wageni wote hivi au ni mimi tu nimependwa?"

"Miguu yako ikoje?"

"Mama, mimi nimekuja kula."

"Nimekuuliza miguu."

"Nimepanda milima tangu shuleni. Miguu ni mizima. Naomba wali tena."

Nilidhani Isoe atamfukuza. Badala yake alimjazia bakuli mpaka wali ukatokeza juu ya kingo. Nikajiambia, mwenzangu kazeeka, sasa anajikomba kwa wageni. Nikaenda kulala nimefurahi.

Asubuhi iliyofuata, siku moja kabla ya bendera, nilikuwa dirishani kwangu jikoni. Dirisha hilo lina pazia la buluu na linatazama mawe yote. Mimi hukaa hapo kila asubuhi na chai, ni haki yangu, ni dirisha langu. Maji yalikuwa yamekupwa. Nikaona mtu juu ya Jiwe la Kati.

Alikuwa Honami. Amesimama wima katikati ya mwani, akainama, akang'oa ukufi mzima, akautia mdomoni. Mbichi. Akatafuna akitazama huku kwetu juu, utadhani anapigwa picha.

Chai ilinimwagikia. Sikujali. Nilikimbia na ndara za ndani hadi kwa Yasuoki, mimi mwanamke wa miaka sabini, nikamkuta anapiga mswaki.

"Wamekanyaga! Nyumba ya Ngazini wamekanyaga!"

"Nani?"

"Mgeni wake. Amekanyaga na amekula."

Yasuoki akatema povu, akasikitika. Alikuwa anaona kijitabu chake kinazama. Lakini sheria ni sheria, akaita mkutano saa nane mchana ukumbini.

Tulikuja nyumba zote kumi na tisa. Jiko la mafuta ya taa liliwashwa katikati na bado tulikuwa tunatoa mvuke mdomoni. Isoe alikaa mbele, mguu mbovu ameunyoosha, mgeni wake kando yake amepiga magoti kichwa chini. Yasuoki akakohoa, akaanza kulainisha.

"Ndugu zangu, huyu dada ni mgeni. Hakujua. Kwenye kijitabu hatukuandika habari ya bendera, kosa ni langu pia. Naona tumwonye, aombe radhi, yaishe."

Watu wakaanza kuitikia kwa vichwa. Walitaka kurudi majumbani kwenye joto.

Hapa ndipo ningepaswa kunyamaza. Nimelifikiria jambo hili kila siku kwa miaka sita. Ningenyamaza tu, kesho yake bendera ingepanda, Jiwe la Kati lingekuwa tupu kwa baridi ya pili, na lingekuwa langu bila kusema neno. Nilikuwa na mikeka ishirini tayari. Lakini nilitaka na uso wake uinamishwe. Nilitaka kijiji kizima kimwone akiadhibiwa, mara moja tu, kwa ajili ya ile supu. Nikasimama.

"Mwenyekiti, samahani. Mgeni gani? Huyu amelala kwenye nyumba ya Ngazini, amekula chungu cha Ngazini, ameoga maji ya Ngazini. Alivyoshuka baharini ametoka mlango wa Ngazini. Huyo ni mtu wa nyumba ya Ngazini. Au kuanzia leo kila nyumba itakuwa inatuma mgeni usiku kumaliza mwani, halafu inasema hakujua?"

Mzee mmoja nyuma akasema, "Hapo ana hoja." Mwingine akasema, "Babu yangu aliadhibiwa kwa ajili ya shemeji yake aliyekuja kutembea." Mambo yakageuka, nikaona yanageuka.

Yasuoki akamtazama Isoe. "Bibi Isoe, una la kusema?"

Isoe aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, na hilo sikuwahi kuliona maishani. Akasema kwa sauti ndogo, "Matsuno amesema kweli. Nakubali adhabu. Ila naomba iandikwe kwenye kitabu, kama alivyosema, neno kwa neno."

"Iandikwe," nikasema mimi. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. "Tena iandikwe vizuri."

Yasuoki akaandika: Honami Terakado, mtu wa nyumba ya Ngazini, amekanyaga kabla ya bendera, mwani wote wa nyumba hiyo baridi hii ni wa kijiji. Watu kumi na tisa wakagonga mihuri ya nyumba zao. Wangu ulikuwa wa kwanza.

Kesho yake kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Tulisimama kila mtu kwenye jiwe lake, mimi juu ya Pua, mawimbi yananirushia maji magotini. Nilikuwa nalitazama Jiwe la Kati, jeusi, limejaa, limelala tupu hatua sita kutoka kwangu. Huko juu Isoe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kwanza na fimbo yake. Nikampungia mkono. Naam, nilimpungia.

Akanyanyua fimbo, na nyuma yake akatokea Honami. Amevaa koti la kazi la Isoe lenye viraka, kikapu mgongoni, na miguuni ndara za majani ya mpunga zilizosukwa upya, zile tunazovaa ili tusiteleze. Alishuka ngazi sabini na moja bila kushika kamba ya pembeni, akapita mbele yangu, akasema, "Habari za asubuhi, jirani," akapanda Jiwe la Kati, akasimama.

"Mwenyekiti!" nikapiga kelele. "Huyu si mtu wa hapa! Mtoe!"

Yasuoki alikuwa chini ya mlingoti, kamba ya bendera mkononi, mdomo wazi. Isoe hakupaza sauti sana, lakini upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwetu.

"Mwenyekiti, hebu wasomee kitabu cha jana. Kama huyu ni mgeni, nirudishieni mwani wangu. Kama ni mtu wa nyumba yangu, pandisha bendera."

Mtu mmoja akaanza kucheka, kwenye jiwe la mbali kule. Kisha wa pili. Kilikuwa kicheko kilekile cha miaka hamsini iliyopita, nakuapieni, hakikuzeeka hata siku moja. Yasuoki alitazama juu, akatazama chini, akanitazama mimi. Akapandisha bendera.

Isoe alipoteza mwani wote wa mwaka ule. Honami aliukwangua siku nne mpaka kucha zikatoka damu, na kila kikapu kilikwenda ukumbini. "Shika vizuri, wewe mbumbumbu!" Isoe alimfokea kutoka juu kutwa nzima. "Unauchuma au unaupapasa?" Naye akajibu, "Njoo uchume mwenyewe, Mama, kama hunipendi!" Walikuwa wanagombana mpaka ndege wa baharini wakahama. Jumapili tukapika supu ya kijiji kwa mwani ule wa adhabu, na zamu ya kupika ilikuwa yangu. Isoe alionja, akalamba kijiko.

"Leo ni nzuri, Matsuno," akasema, wote wanasikia. "Kwa kuwa ina mwani wangu."

Kibao chenye jina la Honami kilitundikwa chini ya cha Isoe. Isoe alipokufa, nilidai kiondolewe. Nikaambiwa kitabu hakikutaja mwisho. Mwanawe wa Nagoya alimpa Honami ufunguo wa nyumba, na kila mwezi wa kwanza anashuka kwenye basi la saa tisa, sasa ana mvi, anasimama juu ya Jiwe la Kati na ananiita jirani.

Mwaka jana nyonga yangu iligoma. Nilishuka ngazi kumi na tatu nikarudi kwa kutambaa. Pua lilikaa tupu, kwa mara ya kwanza tangu babu wa mume wangu. Binti yangu yuko mbali, mjini Sapporo, ana kazi, ana watoto, nilimpigia simu na najua kabisa ukuta ni mwembamba.

Wiki iliyopita Honami alikuja mapema, akaniletea ubao wa matangazo. Akakaa kizingitini, hana haraka ya kuondoka. Nilijua mara moja anatazama nini.

"Nyonga inasemaje, Bibi Matsuno?"

"Inakusalimia," nikasema, nikakasirika kwa kusikia nilichosema. Kisha nikamuuliza jambo lililonisumbua. "Siku ile ya kwanza. Ngazi za baharini hufungwa kwa kamba mwezi mzima kabla ya bendera, na ncha ya kamba ilikuwa ndani kwa Isoe, ndiyo maana nyumba inaitwa Ngazini. Wewe ulipitaje?"

Honami akatabasamu, akafanana na Isoe kabisa, Mungu amsamehe.

"Mama alinifungulia. Alinivalisha ndara kwa mikono yake. Akaniambia, nenda kwenye lile bapa, ng'oa kiasi cha mkono mmoja, ule ukiwa umesimama. Na ukitafuna, tazama dirisha lenye pazia la buluu, usitoe macho mpaka uone chai imemwagika."

Nilimwonyesha mlango. Alipotoka nilikaa muda mrefu nikilitazama pazia. Isoe alijua nitakuwa dirishani. Alijua nitakimbia. Alijua jiwe lilikuwa langu kwa kukaa kimya tu, na alijua sitaweza kukaa kimya. Miaka hamsini na miwili hakuna mtu aliyenijua vile, wala mume wangu.

Bendera inapanda baada ya siku tisa, na jirani wa Pua ni nyumba ya Ngazini. Leo asubuhi nimempigia simu Yasuoki, nikamwambia aniingize kwenye kijitabu chake. Chumba kimoja, kinatazama bahari. Aliuliza aandike nini kuhusu chakula.

"Andika supu," nikamwambia. "Na andika nataka mgeni mwenye miguu."